Majivu ya Heber

Bangi yako ikiugua mtaani kwetu Las Piedras, unachuma jani, unalikunja kwenye gazeti, unakwenda kugonga dirisha la Nibia Olivera. Hataki maelezo. Atalinyanyua jani juani, atalipapasa upande wa chini, kisha atauliza limetoka juu ya mti au chini.

"La chini likiwa njano, mti una njaa," huwa anasema. "Unayanyonya majani ya zamani ulishe machipukizi, kama mama yeyote. Likiwa la juu, chakula kipo udongoni ila mdomo umefungwa."

Jicho hilo alilipata kwenye mabanda ya nyanya huko Salto, alikofanya kazi ujana wake wote. Bangi ilikuja baadaye, kwa ajili ya mwanawe, Ademar. Sheria ya nchi iliporuhusu miche sita ya bangi kwa kila nyumba, kijana alianza kuchanganya mbegu uani, mpaka akapata mti mmoja wenye maua ya zambarau na harufu ya ganda la chungwa. Mti wa namna hiyo huuendelezi kwa mbegu, maana mbegu hubadilika. Unakata tawi, unaliotesha mizizi, unalikinga na baridi chini ya taa. Ademar alimpa Heber, jirani yao, kipandikizi kimoja, kwa wema tu, kwani ukuta wao ni mmoja. Kisha kijana akafa barabarani na pikipiki yake, mwezi wa Juni.

Msimu ule wa baridi Nibia hakumwagilia chochote. Alipoinuka kutoka kwenye msiba, vipandikizi vya Ademar vilikuwa vijiti.

Mti ukabaki kwa Heber peke yake. Machi iliyofuata aliupeleka kwenye shindano la bangi la mtaa, akauita Heber Mkuu, akarudi na kombe. Nibia alikwenda mlangoni kwake kuomba kipandikizi kimoja. Nilimsindikiza, mimi rafiki yake wa mtaani.

"Kipandikizi cha nini, jirani?" Heber alisema, buyu la chai ya yerba mkononi. "Mti wangu huu."

"Wa Ademar."

"Ademar alinipa kijiti. Mti nimeufanya mimi." Akafyonza mrija, akacheka. "We panda nyanya, mama. Nyanya unaziweza."

Njiani Nibia hakulia. Alisema tu, "Atakuja mwenyewe, na jani mkononi."

Nilidhani ni uchungu unaosema. Lakini yeye alikuwa akisikia kitu ambacho mimi sikukijali. Kila Jumapili Heber huchoma nyama, na kila Jumatatu humwaga majivu ya jiko kwenye vyungu vyake, akiamini yananenepesha maua. Nusu ya mtaa hufanya hivyo. Kiganja kimoja hakidhuru. Heber humwaga ndoo. Majivu yakizidi, udongo unakuwa mchungu kama magadi, na mti hauwezi tena kuchukua madini ya chuma hata yakijaa miguuni pake. Jumatatu moja tukila kwake, ndoo ilipogonga ukingo wa chungu ng'ambo ya ukuta, Nibia aliacha kutafuna, akasikiliza, kisha akaendelea kula.

Januari Heber akaja. Jani lilikuwa njano kama siagi, mishipa tu ndiyo kijani.

"Nimeongeza mbolea, ncha zimeungua," alisema. "Nimepunguza, hakuna kitu."

"Juu au chini?"

"Juu kabisa."

Nibia alilishika jani lile muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Ungedhani ni shavu la mtu.

"Jani halitoshi. Niletee matawi manne niyajaribie dawa."

"Manne! Si useme unataka kipandikizi, mama?"

"Nikitakie nini? Mimi wa nyanya."

Heber aliguna, lakini shindano la Machi lilikuwa karibu. Aliyaleta mchana huohuo.

"Na ule mkubwa niufanyeje?"

"Unaupa nini?"

"Majivu. Ya kuni nzuri, si takataka."

"Hapo umepatia," alisema Nibia. "Ongeza."

Alipoondoka, Nibia aling'oa minne kati ya miche yake sita ya bangi ya kawaida, yote yenye afya tele, maana sheria ni sita na hakutaka Heber apate la kusema. Akapanda matawi kwenye udongo mchachu wa majani ya misonobari, akayanywesha maji ya mvua. Majani mapya yalitoka na rangi yake, kijani kibichi. Ng'ambo ya ukuta mti mkubwa uligeuka mweupe kileleni, kisha kahawia. Mwisho wa Februari Heber aliukata, akauteketeza kwenye jiko lake la nyama.

Alikuja dirishani tukiwa tunakunywa yerba.

"Yale matawi ya mti wangu, jirani."

"Wako si umeuchoma? Moshi umeingia mpaka kwenye mashuka yangu."

Heber aliangalia viatu vyake. Ni mgane, na uani kwake hakikubaki kitu kingine cha kutunza.

"Basi nipe kimoja. Cha mti wa Ademar."

Nibia alifumba macho. Nilidhani amelainika.

"Rudia. Wasikie na wa ng'ambo ya barabara."

"Mti wa Ademar," Heber alisema kwa sauti. Mama mmoja aliyekuwa akifagia aliinua kichwa.

"Asante," alisema Nibia, akafunga dirisha.

Akaketi, akanimiminia yerba. Kivuli cha Heber kilibaki kwenye pazia kwa kitambo, nasi tukanywa kikiwa pale.