Kiungo Kilichopakwa Buluu

Kuna watu wakifanya jambo la aibu wanalificha mpaka kaburini, na mimi nilitaka sana kuwa mmoja wao, lakini ukumbi mzima uliniona nimepiga magoti chini ya daraja na beji ya mtu mwingine shingoni, kwa hiyo kuficha hakunisaidii tena. Afadhali niwaeleze mwenyewe, kwa sababu wale wanaoieleza hadithi hii hapa Munigi, nje kidogo ya mji wa Goma, wameongeza mambo (eti nililia, sikulia, ni jasho lililoniingia machoni).

Mimi ni fundi wa kuchomea vyuma. Nilipomaliza darasa la sita niliachia hapo, nikaingia karakana ya Papa Kasereka, ambaye sisi vijana wake tunamwita Patro, na kazi yetu ni milango, madirisha, vitanda na mageti. Madaraja hatutengenezi. Lakini mwaka ule, wakati ndege za Kinshasa zilikuwa bado zinatua Goma, chama cha taifa cha wanafunzi wa uinjinia kilileta mkutano wake mkubwa hapa kwetu, na kila chuo kilitakiwa kuleta daraja dogo la chuma lenye urefu wa mita tatu. Kuchora na kupiga mahesabu ilikuwa kazi ya wanafunzi wenyewe, ila kuchomea waliruhusiwa kumpa fundi. Daraja litakaloshinda lingekwenda Kinshasa kwenye mashindano ya mwisho, pamoja na aliyelichora.

Basi jirani yetu, Yaya Furaha (amenizidi miaka mitatu, ndiyo maana namwita yaya), ambaye alikuwa mwaka wa tatu wa uinjinia, akaja karakanani na karatasi yake. Alikuwa hajawahi kupanda ndege, na Kinshasa aliizungumzia kama mtu anayezungumzia chakula. Akaniwekea kidole katikati ya mchoro, upande wa chini.

"Unaona hapa? Hapa njo moyo yake. Hapa ikiachia, yote inaanguka."

Nikamwambia nimeona. Kweli nilikuwa nimeona, na hilo ndilo linaloniumiza mpaka leo, kwamba siwezi kusema sikujua.

Kazi ilikwenda vizuri siku nne. Ijumaa kikabaki kiungo kimoja tu, kile kile cha moyo, maana nilikuwa nakiogopa nikakiacha cha mwisho. Patro alikuwa amekwenda matangani Sake. Mvua ya asubuhi ilipita kwenye bati lililotoboka ikalowesha pakiti ya bageti, zile fito tunazoyeyushia, na kila fundi anajua bageti iliyolowa haiungi, inatema mate tu. Nikawasha hivyo hivyo. Umeme nao ulikuwa unapanda na kushuka kama mgonjwa wa homa. Nilipomaliza, nikagonga ganda likadondoka, na ndani nikaona kiungo kimejaa vitundu kama mkate.

Dawa yake ilikuwa moja: kukata, kusaga, na kuchomea upya kesho yake kwa bageti kavu. Lakini Yaya Furaha alikuwa anafika saa kumi na wenzake na chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, na majaribio yalikuwa Jumamosi asubuhi, na mimi nikiwaza tu kumwambia mtu "nimeharibu" ulimi unaganda. Juu ya rafu palikuwa na kopo la mastiki, ile tunayozibia mabati ya magari yaliyogongwa. Nikachota kidogo. Nikaziba vitundu, nikapiga msasa, nikapaka rangi ya buluu kama sehemu nyingine, na kiungo kibovu kikawa kizuri kuliko vyote.

Yaya Furaha alipofika alipitisha kidole palepale.

"Kumbe weye ni fundi ya kweli."

"Asante," nikasema.

Neno hilo ndilo lililonimaliza.

Asubuhi yake nikashuka mjini kwa miguu, nimevaa shati la kanisani, nikijifunza njiani maneno ya kumwambia: Yaya, kile kiungo cha katikati hapana, usikiamini. Nilipanga nimkute mlangoni kabla ya kuanza, nimvute pembeni, nimwambie, halafu nikimbie. Lakini mlangoni palikuwa na polisi wawili na meza, na mezani msichana mwenye orodha, na nyuma yangu mstari mrefu wa wanafunzi wenye koti na mabegi.

"Unatoka wapi, kamarade?"

Nilitaka kusema namtafuta Yaya Furaha. Nikaishia kushika ukingo wa meza yake.

"Huyu atakuwa ule wa Bukavu," mmoja akasema nyuma yangu. "Boti yao ilichelewa. Angalia macho, bado ziwa inamuzungusha."

"Bukavu?" msichana akaniuliza.

Nikatikisa kichwa kukubali. Sijui kwa nini. Nadhani ni kwa sababu kukubali hakuhitaji sauti. Akanivika beji, akasema, "Karibu, injenia," na polisi mmoja akanipa mkono, nami nikaupokea bila kumtazama usoni, maana mji wetu si mji wa kukutwa na jina lisilo lako, tena polisi akiwa ndiye aliyekupa mkono. Kabla sijavuta pumzi nilikuwa nimekalishwa mstari wa mbele, kati ya wajumbe, na Yaya Furaha yuko kule mbele kabisa pembeni ya daraja lake, amezungukwa na watu. Aliniona. Akaitazama beji yangu, akaziba mdomo kwa kucheka, akidhani ni utani nimeufanya.

Hotuba zikaanza, za Kifaransa kirefu. Mwenzangu wa kulia, mjumbe wa Kisangani, kijana mwembamba mwenye miwani, akaniinamia.

"Kwenu Bukavu, mulishapata mwalimu wa beton, hii zege?"

"Bado," nikasema.

"Na laboratwari?"

"Bado."

"Hata siye bado," akasema kwa huzuni, akanipiga bega. "Inchi hii, tutafika tu."

(Kwa hiyo kama kuna mtu wa Bukavu anasoma hapa na vyuo vyao vina kila kitu, anisamehe.)

Halafu yakaja majaribio. Kila daraja liliwekwa kati ya meza mbili ndefu za mbao nzito, chini ni saruji tupu, kisha vijana wakaanza kupanga juu yake mifuko ya mawe, haya mawe yetu meusi ya volkano. La kwanza lilipinda kwenye mfuko wa pili. Lingine likapinda kwenye wa tatu. Likaja la buluu. Mfuko wa kwanza, nikabana kucha ndani ya viganja. Wa pili. Wa tatu. Kila mfuko ulipowekwa ukumbi ulipiga makofi na mimi nilifumba macho, nikiomba kwa Mungu kwamba kama litaanguka lianguke sasa, juu ya mawe, maana mawe hayavunjiki mguu. Halikuanguka. Likabeba mifuko mitano, na profesa aliyesimamia majaribio, mzee mfupi mwenye mvi, akainua mkono wa Yaya Furaha.

Nikavuta pumzi. Nikasema moyoni, basi imepita, mastiki imekuwa chuma kwa neema ya Mungu. Mifuko ikashushwa. Nikaanza hata kutafuta mlango kwa macho.

Kumbe chama kile kina desturi ambayo hakuna aliyeniambia. Daraja likishinda, aliyelichora anapanda kusimama katikati, anapanda na prezida wa chama, na anapanda mjumbe mmoja wa kila mji, wote wanapigwa picha juu yake, kuonyesha kwamba injenia anasimama juu ya kazi yake. Yaya Furaha akapanda, akasimama juu ya moyo ule ule. Prezida akapanda, kijana mnene wa Kinshasa mwenye koti jeusi na kicheko kikubwa. Wakaanza kuita miji. Kisangani akapanda. Lubumbashi akapanda. Beni akapanda.

"Bukavu."

Nilisahau kwamba ni mimi.

"Bukavu, panda, hapana ona haya."

Nikasimama. Nilitembea kama mtu anayepelekwa. Nilipoinama mezani nipande, upande wa chini wa daraja ulikuwa mbele ya macho yangu, na kwenye rangi yangu nzuri ya buluu niliona mstari mwembamba kama unywele, ambao Ijumaa haukuwapo. Mawe ndiyo yaliyoufungua. Na mawe yalikuwa yametulia, lakini hawa juu walikuwa wanacheka, wanasukumana, wanapanga mabega kwa picha, na miguu ya Yaya Furaha, yenye viatu vya kuazima, ilikuwa juu ya mstari ule kabisa. Prezida akaninyooshea mkono. Nikafungua kinywa kusema, na haikutoka hata pumzi.

Basi mwili ukafanya wenyewe. Nikainama, nikaingia chini ya daraja, nikapiga goti moja, nikaweka mgongo chini ya kiungo, nikasukuma juu kwa nguvu zote.

Ukumbi ukapasuka kwa kicheko.

"Bukavu anafanya nini?"

"Anaomba."

"Wacheni, njo namna ya kwao ya kubariki daraja."

Mpiga picha akachuchumaa akanipiga picha (ipo mpaka leo, nimeiona kwenye simu za watu nisiowajua). Lubumbashi, kwa furaha yake, akaruka juu kidogo kunitania, na nikasikia mgongoni mwangu *tik*, sauti ndogo, na chuma kikashuka kikalala kwenye mfupa wangu. Sijawahi kuogopa hivyo. Niliona kila kitu kabla hakijatokea: Yaya Furaha kwenye saruji, mama yake anakimbia kutoka nyumba ya jirani, na mimi nimesimama pale na kopo la mastiki.

"Shukeni," nikasema.

"Anasema nini?"

"Shukeni. Moja moja. Kiungo iko mbovu."

Prezida akainama, kichwa chake kikatokea chini kando ya uso wangu. Alikuwa bado anacheka. "Kamarade Bukavu, unajua namna gani?"

"Njo miye niliichoma. Na mimi si wa Bukavu. Miye ni wa Munigi."

Kicheko kikaisha mbele, kikaendelea kidogo nyuma ambako hawakusikia, kisha nako kikaisha. Yaya Furaha ndiye aliyeelewa kwanza. Akasema kwa sauti ya chini, kama mtu anayeongea na mtoto aliye juu ya ukuta, "Hapana ruka. Mutu asiruke. Beni, shuka. Polepole." Wakashuka mmoja mmoja, na kila mmoja aliposhuka chuma kilinipumulia mgongoni. Yeye akashuka wa mwisho.

Nilipotoka, shati la kanisani lilikuwa na mstari wa buluu mgongoni. Profesa akainama, akakwaruza kiungo kwa ukucha, na mastiki ikadondoka kipande kizima. Akasukuma kwa kiganja tu, na kiungo kikafunguka.

"Hii," akasema, bila kupandisha sauti, "ni nini?"

"Ni mastiki, muzee."

"Ya gari?"

"Ya gari, muzee."

Polisi alikuwa ameshanishika mkanda kwa nyuma. "Na hii beji uliiba wapi? Unafanyia nani kazi?" Nikaona gari lao kupitia mlangoni. Prezida akaja akamwangalia polisi, akaniangalia mimi, akajipangusa paji la uso.

"Achia yeye, chefu," akasema. "Huyu alinibeba mimi na kilo zangu zote, nani mwingine alishafanya hivyo. Ila arudishe beji."

Nikairudisha. Ushindi wakaupa chuo kingine, ambacho daraja lake lilikuwa limebeba mifuko minne. Aliyelichora akapanda ndege kwenda Kinshasa.

Yaya Furaha alinikuta nje ukutani.

"Ulijua tangu jana."

"Nilijua."

"Na mimi nikakupatia sifa, ukaniambia asante."

Akaondoka, na kwa miezi minne nyumbani kwao mama yake peke yake ndiye aliyenisalimia.

Patro aliporudi kutoka Sake alikuwa ameshaambiwa yote sokoni. Hakunipiga, hakunifukuza. Alichukua kopo la mastiki akaliweka mikononi mwangu. "Mutoto, hii ni ya kitu chenye kitabeba rangi. Yenye itabeba mutu, hapana." Kisha akanirudisha kwenye kushikia wenzangu vyuma, kazi ya wiki ya kwanza, na nikaishika mpaka Pasaka.

Baada ya Pasaka Yaya Furaha akaja tena. Chuo chake kilitaka lile daraja litengenezwe liwe la kufundishia, na yeye ndiye aliyeagizwa. Mafundi wako wengi kutoka hapa mpaka mjini. Kwa nini alikuja kwetu sikumwuliza. Akavuta kiti, akaketi mbele yangu na karatasi magotini, bila salamu ndefu, na akabaki akitazama mwanga pembeni ili usimuumize macho. Kiungo cha kwanza kikakubali. Cha pili kikakubali. Cha tatu, cha katikati, nikagonga ganda, nikaona kitundu. Kimoja. Kidogo kuliko punje ya mtama, naye kutoka pale alipokaa hakuweza kukiona.

Nikaweka nyundo chini. Wenzangu walikuwepo, Patro alikuwepo, na uoga wangu haujaniacha mpaka leo, msidhani. Lakini nimeapa kwamba tangu sasa kiungo kibovu nitakitaja mwenyewe kabla ya rangi, hata kama sauti itatoka nusu.

"Yaya," nikasema. "Hii imenishinda."

Akainuka, akaja kukitazama kitundu.

"Basi kata," akasema.

Nikakata.