Nusu ya Maneno ya Mama Riziki

Siku ile bado naikumbuka, mwanangu, hata kama mambo mengine ya ujana wangu yamenitoka. Nilikuwa na mwaka mmoja tu kwenye redio, hapa Uvira, na nilijiona mkubwa sana. Nilipita sokoni na mikro ya kunasia sauti mkononi hata kama sikuwa na kazi nayo, ili watu waione. Cheka tu, na wewe jana nilikuona.

Nilitumwa Kiringye kuongea na wakulima wa mpunga juu ya maji ya mfereji. Huko nilimkuta Mama Riziki, Mfuliiru mmoja mchangamfu, mwenye maneno mengi. Alinieleza kwamba jirani yake, Mama Niyonkuru, aliwahi kufunga maji kule juu, shamba la Mama Riziki likakauka. Halafu wakakaa chini wakaongea, mmoja kwa Kifuliiru na mwingine kwa Kirundi, wakagawana siku za maji. Toka hapo wakawa wanapalilia pamoja, leo kwa huyu, kesho kwa yule. Hayo yote yalikuwa kwenye kaseti yangu.

Lakini kipindi changu kilikuwa kifupi, na mimi nilitaka kitu chenye pilipili. Nikachukua pale Mama Riziki anaposema, "Mama Niyonkuru alifunga maji, alitaka watoto yangu walale njaa." Nikakata hapo hapo, nikaweka muziki, nikairusha hewani. Wenzangu walinipongeza, nikaenda nyumbani na raha. Naona haya kukuambia, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Siku ya tatu Mama Riziki alishuka kwenye lori mbele ya redio yetu. Hakupiga kelele. "Mama Niyonkuru amefunga maji tena," alisema. "Hata salamu hanipe. Mpunga iko inakauka, na miye sikusema vile."

Mkubwa wetu wa vipindi, Mama Faida, aliomba kaseti, akaisikiliza yote bila kuniangalia. Kisha akauliza, "Huu mwisho uliupeleka wapi?" Nikajibu kwamba muda haukutosha. "Na muda ya kuweka wimbo mbili, weye uliipata wapi?" Nilidhani atanifukuza. Badala yake alinipa redio ya kaseti na mabuye mapya, betri za kuiwasha, akasema, "Rudi kule. Umusikilizishe ule mwenye ulimutaja."

Tulipanda pikipiki moja, dereva, Mama Riziki na mimi, mpaka kwa Mama Niyonkuru. Tulimkuta akichambua maharagwe mbele ya nyumba. Hakutupatia viti, nawe unajua kwetu maana yake ni kwamba hukaribishwi. Nikaweka redio chini, nikabonyeza. Tulisikia yale ya maji, kisha sauti ya Mama Riziki ikaendelea: "Sasa ni dada yangu. Nikigonjwa, ni yeye anapalilia kwangu." Mikono ya Mama Niyonkuru ikasimama.

"Rudisha nyuma," aliniambia. Alisikiliza mara ya pili, halafu akaniangalia. "Mutoto, haya ndiyo maneno ya Mama Riziki. Ile ya redio ilikuwa yako." Akaingia ndani, akatoka na kiti kimoja, akampa rafiki yake. Mimi nilibaki nimesimama. Baadaye wakachukua jembe, wakapanda kule juu wote wawili kufungua mfereji.

Juma lile nilirusha kaseti nzima, kisha nikasema kwa mdomo wangu kwamba nilikosa. Hata hivyo, miezi mingi nikifika bondeni na mikro, watu waliniuliza kwanza kama nitawakata maneno. Nilistahili.

Sasa, mwanangu, nikuambie kwa nini nimekuita. Kazi uliyoniletea asubuhi kwenye simu yako, yule mwenye pikipiki wa Kavimvira anayemsema kaka yake, umeikata pale pale ambapo hata mimi ningeikata. Darasa zima lilicheka, nami mwalimu wenu nilicheka. Kisha nikaomba sauti yote, nikasikia kwamba mwisho wake anamwombea kaka huyo arudi nyumbani.

Msikilize mtu mpaka amalize. Ukilazimika kukata, anza kukata maneno yako mwenyewe na muziki wako. Fikiria yule aliyetajwa ataamkaje kesho kati ya majirani zake, maana hapa kwetu tunaishi karibu karibu, Kifuliiru, Kirundi na Kiswahili kwenye mfereji mmoja, na watu wanaamini redio. Ukikosa, sema kwa sauti yako, kwa watu wale wale waliokusikia.

Jumamosi kipindi chenu kitarushwa. Kaka huyo hajui bado, na ni wewe utakayeamua asikie tusi au asikie dua. Mimi sitakuamulia. Nakupenda, ndiyo maana nimesema kwa urefu hivi. Mungu akulinde, mwanangu, akupe moyo wa kungoja neno la mwisho, na kaka huyo akisikia redio Jumamosi, apate njia ya kurudi kwao.