Daktari aliangalia smartwatch, hakuangalia miguu ya mama

Wakuu, habari za kwenu. Haya yamenipata mimi mwenyewe, sijasimuliwa na mtu. Nikifoka kidogo mnivumilie, hasira bado iko.

Mama yangu alikuwa na shida ya moyo. Alipotoka wodini, clinic moja ya private hapa Busia ikamvalisha smartwatch. Saa inasoma mapigo ya moyo, inapeleka kwa simu yake, simu inatuma kwa computer ya daktari.

Tulifurahi sana. Majirani wakaanza kumwita Mama Digital.

Mwanzoni alikaa kwangu Mundika, mbali kidogo na border, na kila kitu kilikuwa shwari. Kisha akarudi kwake Malaba, kwenye plot iliyo karibu kabisa na border.

Sasa, aliyewahi kuishi Malaba anajua. Simu hapo hurukia network ya Uganda yenyewe. Uko jikoni kwako unasonga ugali, message inaingia: karibu Uganda. Na bundles zako za Kenya hazifanyi kazi tena. Hata mtoto wa nursery anajua hivyo.

Huko Malaba mama akaanza kuvimba miguu. Nikamrudisha clinic, simu yake tukaiacha Malaba kwa charger.

"Daktari, nikilala pumzi inakataa. Siku hizi nalala nimekaa," mama akasema.

Daktari macho kwa screen. "Mama, hapa naona moyo yako iko sawa kabisa. Hiyo ni uzee tu. Punguza chumvi."

"Lakini si uangalie miguu basi."

"Hii machine inakuangalia mchana na usiku, mama. Usijali."

Wakuu, hakuinama! Mama alikuwa amekuja na malapa yangu kwa sababu viatu vyake vilikataa kuingia. Miguu iko pale chini ya meza yake, na mtu amesomea udaktari anatazama rangi ya kijani kwa screen.

Tukarudi Malaba. Wiki hiyo hiyo mama akafariki.

Baada ya mazishi nilibeba simu na saa yake nikaenda navyo Mundika. Simu ikashika network ya Kenya. Hata chai sijamaliza, ikalia. Ni clinic, daktari yule yule.

"Halo mama, system imetuonyesha moyo yako haiko poa kabisa. Umekuwa vibaya tangu uende Malaba. Kuja leo, haraka."

Ndipo nikaelewa. Siku ile alikuwa anasoma mapigo ya Mundika. Yale ya Malaba yalikwama kwa simu yakingoja network, na system yao ikaacha ile kijani ya zamani pale pale, bila kusema haijapata kitu kipya.

Nikamwambia, "Daktari, mama tumeshamzika."

Akaniuliza kama naweza kuwarudishia saa.

Sijarudisha, na sirudishi.

Sina ugomvi na saa. Saa ilisoma ukweli wote. Ila kama mgonjwa wako amevaa hizi vitu, muulize daktari hiyo reading ni ya lini. Na akikataa kumgusa mgonjwa aliye mbele yake, inukeni mwende kwingine.

Mwenye mgonjwa kama huyu upande wa Malaba au Busia, aseme hapa, nasoma zote. Na kama kuna daktari humu ndani, anijibu moja tu: kuinama kungemgharimu nini?