Bibi wa Kijapani na Chaneli Yake

Juzi, kwenye ofisi ya televisheni ya kulipia huku ughaibuni, mjini Saint Louis Park, mbele yangu kwenye foleni alikuwapo bibi wa Kijapani. Chaneli ya kwao imeondolewa, anataka irudishwe.

"Mwanzo ilikuja Jumapili tu," alimwambia binti wa kaunta, "tukajazana nyumba moja kuitazama. Halafu ikawa kutwa kucha. Wenzangu wamekufa, nimebaki nayo. Kila asubuhi msoma habari huinama kuniamkia, nami humwinamia."

Akainama palepale kutuonyesha. Binti akacheka!

"Haina watazamaji, bibi. Tazama kwenye simu."

Damu ilinichemka, maana binti mwenyewe ni wa kwetu Mombasa. Nikamwambia kwa Kiswahili, "We mwana! Huyu si sawa na nyanyako? Wamcheka mtu mzima?"

Akanijibu kwa Kiingereza, eti ndiyo sheria ya kampuni.

Bibi akaweka king'amuzi chake juu ya kaunta kwa mikono miwili, akamwinamia yule binti, akatoka. Binti hata kichwa hakuinamisha. Akaita, "Anayefuata!"

Nimewaona wengi wakikatiwa maji na stima. Mtu kukatiwa salamu, ndiyo kwanza nimeona.