Sifuri Haikai Mbele

Wanafunzi wake walimwita Mama Sifuri, na walimwita hivyo kwa kificho, maana mwalimu huyu wa hesabu hakuwa mtu wa kutaniwa. Alikuwa na macho ya kumwona mwenye kutafuna peremende kwenye dawati la nyuma kabisa huku yeye mwenyewe akiwa ameelekea ubaoni. Jina lilimfika masikioni zamani, akalizoea, na siku akiwa amechangamka alikuwa akiwasimulia walimu wenzake lilivyoanza: eti mtoto mmoja wa darasa la nne alitanguliza sifuri kwenye namba, naye akamwambia mbele ya darasa zima, "Sifuri haikai mbele!" Watoto wakacheka mpaka wakashika mbavu, na tangu siku ile jina likamganda. Walimu nao walicheka. Hakuwahi kuwaambia mtoto yule alikuwa nani.

Alimlea mwanawe peke yake, mwana mmoja tu, katika nyumba ya vyumba viwili yenye chaki hata kwenye kabati la vyombo. Alikuwa na mipango naye. Kijana angesoma uhandisi, angemaliza, angerudi na cheti kikatundikwa ukutani pale juu ya redio, na msumari ulikuwa umeshapigwa. Lakini kijana alifika mwaka wa pili akaacha chuo, akaenda kuendesha malori ya masafa marefu. Alisema anapenda barabara. Mama mtu alipopata habari alipandwa na mori, akamwambia kwenye simu, "Usinipigie tena mpaka uwe na cheti mkononi." Alisema kwa hasira, kama wazazi wanavyosema, akitegemea wiki mbili tatu zipite kijana arudi amenywea. Kumbe alikuwa amemlea mtoto mwenye kichwa kigumu kama chake. Kijana hakupiga. Naye mama, kwa kiburi ambacho siku hizi akikikumbuka anajichukia, hakupiga.

Halafu lori likapinduka kwenye mteremko.

Hospitali walimkabidhi mfuko wa plastiki. Ndani mlikuwa na mkanda, kiatu cha mguu mmoja, na simu iliyopasuka kona lakini nzima. Alipoichaji, kioo kiliwaka, na juu ya kioo, kabla hata ya kuombwa namba ya siri, kulikuwa na mstari mmoja wa maandishi: ujumbe wa sauti kwa Mama haujatumwa.

Aliusoma akiwa amesimama, akausoma tena akiwa amekaa sakafuni. Mtoto wake alikuwa amesema kitu. Alikuwa amekisema kwake yeye, huko njiani kusiko na mtandao, na kitu hicho kilikuwa humo ndani, nyuma ya tarakimu nne. Kuanzia saa ile hakutaka kingine chochote duniani. Watu walipomletea pole aliwaitikia, na jicho lake lilikuwa kwenye simu.

Alimpelekea fundi simu wa karibu na shule, aliyekuwa mwanafunzi wake zamani na ambaye bado alisimama kila alipomwona. Fundi aliigeuzageuza simu kwenye mwanga.

"Mwalimu, kuifungua kwa nguvu siwezi, nikilazimisha vyote vilivyomo vinapotea. Lakini tazama hii plastiki ya juu ya kioo. Unaona ilivyochakaa? Hapa, hapa, hapa na hapa."

Alama za kidole zilikuwa nne, zimesuguliwa zikawa na weupe: juu ya sifuri, juu ya mbili, juu ya sita na juu ya tisa.

"Ila kuwa mwangalifu," fundi akasema. "Aliiweka ijilinde. Ukikosea mara kumi inajifuta yenyewe."

Mwalimu alimshukuru, na kwa mara ya kwanza tangu mazishi alitembea kwa haraka. Tarakimu nne, nafasi nne, kila moja imetumika mara moja, hakuna kurudia. Jamani, hili lilikuwa somo lake! Ni swali alilolitunga kwenye mitihani mpaka wanafunzi wakaweza kulibashiri. Aliingia ndani, akang'oa kalenda ya mwaka uliopita, akaigeuza, akachora mti wa matawi nyuma yake kama anavyochora ubaoni. Tawi la sifuri akalitia alama ya mkato palepale, mkono ukienda wenyewe, maana ubaoni huwa analitia mkato kila mwaka. Matawi yaliyobaki yalikuwa matatu: la mbili, la sita na la tisa. Kila tawi linazaa matawi matatu, kila moja kati ya hayo mawili, mwisho moja. Tatu mara tatu mara mbili mara moja. Kumi na nane.

Mdogo wake, aliyekuja kukaa naye tangu msiba, alisimama nyuma yake na kikombe cha chai.

"Dada, ndizo zote hizo?"

"Ndizo zote."

"Na unaruhusiwa kukosea mara ngapi?"

"Kumi. Kumi katika kumi na nane ni zaidi ya nusu. Kuna watu wameolewa kwa uhakika mdogo kuliko huo."

Mdogo mtu alicheka, kisha akaona dada yake hacheki, akaweka chai mezani.

Alianza na 2906, kwa kuwa kijana alizaliwa tarehe ishirini na tisa mwezi wa sita. Simu ikatikisika mkononi, ikakataa. Akajaribu 2609, siku ya kuzaliwa kwake yeye mwenyewe, na hii aliibonyeza kwa aibu, kama mtu anayeomba asichostahili. Ikakataa. Moyo ulimuuma kuliko alivyotarajia. Baada ya hapo aliacha kubahatisha, akaenda kwa utaratibu, akianzia kubwa kabisa na kushuka: 9620, 9602, na kuendelea. Kila alipokosea simu ilimsimamisha, kwanza dakika moja, kisha nyingi zaidi, naye alisubiri mikono ikiwa mapajani kama mwanafunzi aliyepewa adhabu. Zile za tawi la tisa zikaisha zote. Akaingia tawi la sita, na namba yake ya kwanza nayo ikakataliwa.

Alipobakiza jaribio moja tu, mdogo wake alimshika kiganja.

"Dada, inatosha. Iache. Iweke kabatini ikae na sauti yake. Angalau utajua imo."

"Imo ndani mimi sisikii, itanisaidia nini?"

"Itakusaidia kuwa ipo."

Maneno haya yalikuwa na akili, na mtu mwingine angeyasikiliza. Lakini Mwalimu hakuwahi maishani mwake kuacha swali bila jibu. Ile kani iliyomzuia kupiga simu miezi yote ile ndiyo iliyomsukuma sasa. Zilibaki namba tisa kwenye kalenda. Moja katika tisa, alijiambia, si haba. Akabonyeza 2069.

Simu ilikuwa nyeusi kwa muda mrefu. Kisha kioo kikawaka rangi nzuri, kikaandika Karibu, kikamwomba achague lugha.

Hakulia. Mdogo mtu ndiye aliyelia, kwa sauti, mpaka jirani akaja kugonga. Mwalimu aliendelea kukaa na ile simu iliyomkaribisha, na alichokisikia ndani yake ni kwamba sasa mtoto wake amekufa kweli, na safari hii kwa mkono wake yeye.

Alirudi kazini. Alifundisha, akasahihisha, akakosea kujumlisha maksi kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe, na hakuna mwanafunzi aliyethubutu kumwambia. Nyumbani hakuwasha redio. Ule msumari wa cheti aliung'oa na kuacha tundu.

Ndipo akaja dereva mmoja aliyekuwa akipanga chumba kimoja na mwanawe, amebeba sanduku la magurudumu. Alikaa kwenye ncha ya kiti, kofia mkononi.

"Mama, samahani kwa kuchelewa, nilikuwa safari. Hivi ni vitu vyake. Lina kufuli la kuzungusha tarakimu nne, na mimi namba siijui. Yeye alikuwa anasema ana namba moja tu ya kila kitu, kwa sababu namba hiyo hata akizeeka hawezi kuisahau."

"Namba moja ya kila kitu," Mwalimu akarudia.

"Ndiyo, Mama. Ila tunaweza kulivunja, mimi nina koleo kwenye lori."

"Hapana. Usiliguse."

Alimsubiri aondoke. Akatoa ile kalenda chini ya godoro, akakaa sakafuni na sanduku. Kufuli hili halikuwa na hasira. Ukikosea halifuti kitu. Alianza na zile ambazo hakuzijaribu, akijua kwamba jibu alipaswa kulipata kabla, na akitaka tu kujua ni namba gani ilimponyoka. Alizijaribu zote zilizobaki, halikufunguka. Akarudia na zile za mwanzo, labda kidole kiliteleza. Alizungusha kumi na nane zote. Kufuli likabaki limefunga.

Alifikiri limeharibika. Alifikiri yule dereva amemdanganya. Akaitazama kalenda kwa hasira, kama anavyotazama kazi ya mwanafunzi mvivu, akitafuta kosa. Akaliona. Lilikuwa pale pale juu, alama yake mwenyewe ya mkato, nzuri, imenyooka, juu ya tawi la sifuri. Chini ya mkato ule zilikuwapo namba sita ambazo hakuziandika. Darasani hazihesabiwi, kwa sababu namba ya tarakimu nne haianzi na sifuri. Lakini namba ya siri si hesabu ya kitu chochote, na kufuli halijasoma kwa Mama Sifuri.

Akaanza na ndogo kabisa. Sifuri, mbili, sita, tisa.

Kufuli likalegea, lote, bila ubishi.

Hapo ndipo alipokumbuka, na alitamani asingekumbuka. Alikuwa bado anafundisha shule ya msingi, na mwanawe alikuwa katika darasa lake, akimwita Mwalimu kama wengine. Aliandika ubaoni tarakimu hizi hizi: andikeni namba ya tarakimu nne iliyo ndogo kuliko zote. Mtoto akawa wa kwanza kunyoosha mkono, akaenda ubaoni akiringa, akaandika 0269.

"Sifuri haikai mbele!"

"Lakini Mwalimu, hii ndiyo ndogo kuliko zote."

"Sifuri mbele ni kiti kitupu. Umemkaribisha nani hapo?"

Darasa likacheka. Alilikaza neno makusudi, watu wasije wakasema anampendelea mwanawe. Mtoto alirudi kukaa, amefyata, na nyumbani jioni ile hakumwita Mama mpaka wakati wa chakula.

Aliibeba namba hiyo miaka yote. Kwayo alifunga simu, kwayo alifunga sanduku. Mwalimu alipekua nguo moja moja, akanusa mashati, akakuta wembe, soksi na picha ya lori. Hapakuwa na kitu cha kumwambia kama mtoto alilishika neno lile kwa uchungu, au kwa utani aliotaka siku moja wacheke wote wawili. Jibu alikuwa amelisema kwa mdomo wake mwenyewe, na mama yake alikuwa amelifuta.

Akaichukua simu kabatini. Tangu siku ile ilikuwa bado imekwama ilipokwama, ikisubiri mwenye nayo mpya. Akaichagulia lugha. Ikamwomba aweke namba ya siri mpya. Akabonyeza sifuri, mbili, sita, tisa, na mara hii haikutikisika wala kukataa, ikafunguka mara moja. Akatafuta kila mahali. Ndani hamkuwa na kitu.