Yowe la Saa Nne Asubuhi

Saa mbili ikifika, kijiji chetu kinakuwa kitupu. Wauzaji, mafundi, makarani, wote wameshapanda pikipiki kwenda Musoma. Hapa, ndani ya ukuta wa mawe waliyopanga babu zetu kuzuia wezi wa ng'ombe, tunabaki mimi, kuku na wazee wasiojiweza.

Mniko analijua hilo. Ndiyo maana alikuja saa nne.

Yeye ni mtoto wa shemeji yake Rhobi. Rhobi alikuwa mjane asiye na mtoto wa kiume, akanioa mimi kwa ng'ombe kumi nimzalie warithi, kama desturi yetu inavyoruhusu. Nikazaa mabinti wawili, wameolewa Bunda. Nilimlimia Rhobi miaka ishirini na mitatu, nikamwogesha alipopooza, nikamzika mbele ya nyumba. Mniko hakumletea hata sabuni. Siku hiyo alileta mpima ardhi na vigingi vyekundu.

"Pisha, mke wa mwanamke. Ulikuwaga mgeni hapa, na mwenyeji wako amekufa."

Nikatupa jembe chini. Nikapiga yowe.

Zamani yowe likilia, hata aliyekuwa chooni alitoka mbio. Asiyefika alitozwa mbuzi. Nilipiga mpaka koo likakauka. Nyumba zote zilikuwa na kufuli. Mniko akakaa juu ya kaburi la Rhobi, akacheka.

"Ongeza sauti, labda huko mjini, Nyasho, watasikia."

Alikuja mzee Leonardi peke yake, akipapasa njia kwa fimbo.

"Nani anakufa?"

"Hakuna, babu. Rudi ukalale," Mniko akajibu.

"Nimeitwa na yowe, sikuitwa na wewe." Akanishika bega. "Huyu ni wa nyumba ya Rhobi. Ng'ombe za mahari niliziswaga mimi."

Mpima akakunja kamba yake. "Jumatano narudi na mtendaji wa kijiji. Mtu akisema hivyo mbele yake, sipimi."

Jioni niliwangojea wanaotoka mjini niwaombe waje kutoa ushahidi, maana Leonardi ana miaka karibu tisini. Flora wa mitumba akasema, "Dada, Jumatano nafungua belo." Edwin karani akasema bosi wake ni mkali. Wote walinipa pole.

Leo ni Jumanne. Leonardi ana homa tangu jana. Nimemlaza sebuleni kwangu, namnywesha uji kijiko kwa kijiko, na kila akinyamaza naweka sikio kifuani kwake.