Bi Harusi Aliyekwenda Kuona Ng'ombe

Nakumbuka siku moja, mwanangu, na naikumbuka kwa pua kuliko kwa macho. Nilikuwa nimeposwa, harusi imekaribia, nimewekwa ndani nyumbani kwetu Timbwani, hapa Likoni. Nikatoroka kwenda kuangalia ng'ombe. Usinicheke. Au basi cheka, lakini nisikilize mpaka mwisho.

Vita vikubwa vilikuwa vimekwisha juzijuzi tu, na serikali ikaamua kuleta maonyesho ya kilimo upande wetu. Uwanja ukazungushiwa ua wa makuti, na habari zikatapakaa kwamba kuna ng'ombe wa kizungu anayejaza ndoo kwa mkamuo mmoja, mashine inayolima bila maksai, na askari wanaopiga beni, ile ngoma ya tarumbeta. Hata watu wa Changamwe na Kisauni walivuka kuja kuona.

Na mimi niko chumbani. Zama zetu msichana akikaribia kuolewa hatoki hata uani. Haonwi ila na mamake na somo yake, yaani mwanamke mtu mzima aliyepewa kazi ya kumfunda. Kila alasiri somo yangu, Bi Rehema, alinisinga mwili mzima kwa singo. Nyinyi mnaotumia sabuni za dukani hamuijui singo. Ni unga wa maua makavu na liwa, unalowekwa kwa marashi, unasuguliwa mpaka ngozi ing'are. Kila mwanamke alikuwa na mchanganyiko wake. Yangu ilitwangwa na mama mkwe wangu mwenyewe, Bi Mwanaidi wa Mtongwe, ambaye hakuwa bahili wa mkadi, lile ua lenye harufu kali.

Asubuhi ile mama na Bi Rehema walivuka kwenda mjini kununua mapambo. Hawajafika mbali, wakaingia rafiki zangu wawili, Mishi na Riziki, wamevaa mabuibui, na la tatu wamelificha kwapani.

"Twende mara moja tu," Mishi akasema. "Ukishaolewa, utayaonea wapi mambo haya?"

Nikasema siendi, huku navaa.

Nikwambie jambo moja ili uelewe. Baba alikuwa ameshafariki, na mama alinilea peke yake kwa kushona makuti. Watu walikuwa wakimtazama waone kama mjane anaweza kulea binti akatulia. Bi harusi kuonwa uwanjani katikati ya wanaume na beni, posa ingerudishwa siku hiyo hiyo, na aibu ingemkaa mama zaidi yangu mimi. Hayo yote niliyajua. Nikavuta buibui mbele ya uso, nikatoka.

Sitakudanganya, nilifurahi! Yule ng'ombe kweli alikuwa mkubwa, na kiwele chake kilimfanya atembee miguu upande. Mzee mmoja wa Kidigo alikuwa akimwambia bwana shamba kwamba ng'ombe huyo akipelekwa kwake, itambidi yeye mzee ahame nyumba. Riziki alicheka mpaka akakaa chini.

Ila wanawake waliotupita walikuwa wakigeuka. Mmoja akasema kwa sauti, "Hee, hapa pana harusi!" Sikumwelewa. Tulikuwa tumeficha uso, mikono, hata vidole vya miguu, na hakuna kati yetu aliyekumbuka kwamba nanukia. Mwenye singo haisikii tena akishaizoea.

Mara fahali mmoja akakata kamba. Watu wakapiga mayowe, kila mtu na njia yake. Nikakamata buibui la Mishi, nikakimbia naye mpaka kwenye ua. Aliponigeukia, hakuwa Mishi. Alikuwa mama mmoja nisiyemjua, amekasirika, anataka nimwachie nguo yake. Nikatazama huku na huku, mabuibui meusi matupu, yote yanafanana na ya rafiki zangu na hakuna hata moja lililo lao. Kuita siwezi, sauti yangu itajulikana. Kufunua uso ndiyo kabisa. Na jua limeshapinda, mama na Bi Rehema huenda wako kwenye feri wanarudi. Nikajibanza kwenye ule ua wa makuti, nikalia.

Mkono ukanigusa bega. "Umepotea, mwanangu?"

Sauti ile ya kukwaruza niliijua mara moja, maana ndiyo iliyokuja kwetu kuniposa. Alikuwa Bi Mwanaidi. Nilihisi nimekufa nimesimama. Nikaitikia kwa kichwa. Akanisogelea, akavuta pumzi puani polepole. Nikajua ameshanijua, kwa kuwa singo ile aliitwanga yeye.

Nilingoja anifunue mbele za watu.

"Usiseme neno," akaninong'oneza. "Nifuate."

Akanipitisha njia za mashambani, kanishika mkono kama mtu anayeongoza kipofu. Tulipokaribia kwetu tukakutana uso kwa uso na mama na Bi Rehema, wanatoka kivukoni na vikapu vyao. Nikainama, nikapinda mgongo kama kizee.

Wakaamkiana. Mama akauliza, "Na huyo naye?"

"Mgeni wangu. Jua limempiga huko maonyeshoni, nampeleka akapumzike."

Bi Rehema akainua pua. "Mbona nasikia singo?"

"Si ni mimi huyo!" akasema Bi Mwanaidi, akamsogezea mikono usoni. "Nami kazi yangu si kutwanga singo siku hizi? Mwili mzima wanukia." Kisha akanigeukia. "Wee tangulia, mama. Njia ni hiyo hiyo."

Akamshika mama mkono, akaanza kumuuliza bei ya mapambo, na rangi zake, na duka gani, na mwenye duka hajambo. Sijapata kuona mwanamke akiuliza maswali mengi namna ile.

Nikazunguka nyuma ya nyumba. Mishi na Riziki walikuwa wamechutama kando ya jiko, macho yamewavimba. Wakanivua buibui, nikarukia mkeka. Mama alipoingia akanikuta nimejilaza. "Maskini mwanangu," akasema, "umechoka kukaa ndani." Nikalia upya kwa faraja, naye akadhani naogopa harusi.

Siku zilizofuata, kila hodi ilinishtua. Posa haikurudishwa. Harusi ikafika, na Bi Mwanaidi akaja kunifunua ushungi anitazame mkwewe, wanawake wote wametukodolea macho. Akainama sikioni kwangu.

"Yule fahali," akauliza, "walimkamata?"

Nikacheka kwa sauti, bi harusi mzima anayetakiwa kuinamisha macho! Bi Rehema akanifinya, na alama ilikaa.

Niliishi naye mpaka alipofariki, Mungu amrehemu, na hakumwambia mwanawe wala mama yangu. Siku moja nikamuuliza kwa nini alinificha. "Nilikukuta walia," akasema. "Ningekufunua, mwanangu angekosa mke, na mamako angeficha uso wapi? Lakini ulifanya upumbavu. Kama ungeniambia kabla hujawekwa ndani, ningekupeleka mwenyewe. Mimi nami nilikwenda kuwaona hao ng'ombe."

Mwanangu, leo mtu akimkuta mwenzake amekosea, anaanza kwa kumpiga picha. Wewe usifanye hivyo. Ukimkuta mtu amekosea na anatetemeka, mfikishe kwao kwanza. Kama una neno la kumwambia, mwambie baadaye, mlango umefungwa. Na ukiwa wewe ndiye uliyefikishwa, usimchoshe aliyekushika mkono kwa kurudia kosa lile lile.

Mola akusitiri unapotoka na unaporudi, akupe wakwe wa kukufichia aibu, na kesho ukiwa wewe ndiye mkwe, akujaalie pua kali na ulimi mzito. Amina.